Kitabu Kimoja na Wasikizaji Kumi

Kila mwaka, mtihani wa Kidato cha Nne umalizikapo, vitabu vya fasihi huanza safari yao. Vingine huuzwa kwa nusu bei kwa mwanafunzi anayefuata. Vingine hutiwa katika sanduku chini ya kitanda, na vingine, yasikitisha kusema, hupasuliwa kurasa zikafungia karanga. Mwenye kitabu amekwisha pata alama zake, naye aona kwamba hana haja nacho tena. Mwulize baada ya miaka kumi, akiwa ni mfanyakazi wa hoteli huko Diani, au mwenye bodaboda Ukunda, au mwalimu wa watoto wadogo Msambweni, atakuambia kwamba kitabu cha mwisho alichosoma tangu jalada hata jalada kilikuwa kile cha mtihani.

Habari hii yawahusu watu wa namna hiyo, nao ni wengi. Si watu wasiojua kusoma. Wasoma kutwa: ujumbe wa simu, matangazo ya arusi na matanga, orodha ya zamu kazini, bei ya samaki. Kilichowapotea si ujuzi wa kusoma, ila ni raha ya kusoma. Twataka kueleza jinsi raha hiyo inavyopotea, na jinsi inavyoweza kurudi pasipo gharama kubwa, hata katika kijiji kisicho na duka la vitabu wala maktaba.

JINSI RAHA INAVYOPOTEA

Shuleni mtoto husomeshwa kitabu kwa ajili ya maswali. Huambiwa ataje sifa tano za mhusika fulani, na maudhui manne, na tamathali za usemi zilizotumiwa. Tena sokoni kuna vitabu vidogo viitwavyo miongozo, ambavyo vimekwisha kutoa majibu yote, hata mwanafunzi mvivu aweza kufaulu mtihani wa hadithi asiyoisoma. Hatusemi kwamba mafundisho hayo ni mabaya, maana mtihani hauna budi kuwa na maswali yenye majibu. Lakini angalia jambo moja. Katika miaka minne hiyo yote mwanafunzi huulizwa mara mia kwamba mhusika ni mtu wa namna gani, wala pengine haulizwi hata mara moja kama yeye mwenyewe angekubali kuishi nyumba moja na mtu huyo. Huulizwa mwandishi amesema nini, haulizwi kama mwandishi amesema kweli.

Mtu aliyelelewa hivyo hujifunza, pasipo kuambiwa, kwamba maoni juu ya kitabu ni mali ya mwalimu na ya mtungaji wa mwongozo. Akitoka shuleni ataona kwamba kusoma ni kazi ya kupewa alama, na kwa kuwa hapana tena wa kumpa alama, ataacha.

Sababu ya pili ni upweke. Kusoma kwa kimya, peke yako, kwataka mahali pa utulivu. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba viwili au vitatu, watoto wanacheza, redio inalia, mgeni anabisha hodi. Anayejitenga na wenzake akashika kitabu huonekana ana maringo, au ana huzuni. Haishangazi basi kwamba mtu huweka kitabu chini akaenda barazani kwa wenzake. Twafikiri kwamba hakukosea kwenda barazani. Kosa ni kukiacha kitabu nyuma.

KUSOMA KWA JAMAA NI DESTURI YA KALE

Watu wengine hudhani kwamba kusoma vitabu ni desturi ya kigeni iliyoletwa na shule. Katika Pwani hii si kweli. Kwa muda wa karne nyingi tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na nakala moja ilitosha mtaa mzima, kwa sababu haikusomwa kwa kimya. Msomaji mwenye sauti nzuri alighani, na wengine walisikiliza, wakashika beti kwa moyo, wakabishana juu ya maana. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulienea namna hiyo miongoni mwa wanawake, na wengi waliojua sehemu zake hawakupata kuushika mkononi. Hata leo, katika vijiji vya Wadigo kutoka Tiwi mpaka Vanga, maulidi husomwa kwa pamoja, kitabu kikiwa mbele ya msomaji na jamaa wakimwitikia.

Magazeti nayo yalifuata njia hiyo hiyo. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na wasomaji wake hawakuwa wanunuzi tu. Waliandika barua, wakauliza maneno magumu, wakajibizana kwa mashairi toka toleo moja hata lingine. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, nalo lilizungumzwa na watu wengi kuliko walioweza kulinunua. Nakala moja ya gazeti ilipita mikononi, na asiyejua kusoma alikuwa na maoni yake sawa na ajuaye, maana wote walikuwa wamesikia maneno yale yale.

Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na kazi ya kuchapisha vitabu kwa lugha za wenyeji na kuvifikisha mashambani. Njia yake moja ilikuwa ni kupeleka masanduku ya vitabu mahali pa mikutano na shuleni, na nyingine ilikuwa ni kuwaazima watu vitabu kwa posta. Idara ile ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wazo la sanduku, hata hivyo, halikuvunjika, nasi tutalirudia hapa chini.

MIKONO IKIFANYA KAZI, MASIKIO YAWE WAZI

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Mtu apendaye kurudisha raha ya kusoma asianze kwa kuahidi kwamba atasoma vitabu kumi na viwili mwaka huu. Ahadi hiyo hufa mwezi wa pili. Na atafute watu wanne au watano, na kitabu kimoja, akisome kwa sauti.

Yako mahali ambapo desturi hii imedumu kwa zaidi ya miaka 150, nako ni katika viwanda vya sigara kubwa za kisiwa cha Kuba. Tangu mwaka 1865 wafanyakazi wa huko, wakiwa wamekaa kwenye meza zao wakikunja majani ya tumbaku, huwa na msomaji aliyeketi juu ya jukwaa akiwasomea magazeti asubuhi na hadithi baadaye. Hapo zamani wafanyakazi wenyewe ndio waliomlipa, kila mtu akitoa sehemu ya mshahara wake, na wenyewe waliochagua kitabu kwa kura. Ziko sigara ziitwazo Montecristo, nazo zimepata jina kwa hadithi ya Mfaransa Alexandre Dumas iliyopendwa sana na wakunjaji hao. Wengi wao hawakuwa wamesoma shule, lakini walijua kumkosoa mwandishi.

Fikiri sasa juu ya wanawake wasukao makuti chini ya minazi huko Diani na Galu, au wavuvi wa Gazi na Msambweni wanaoshona nyavu wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na ngalawa zimevutwa pwani. Mikono yao ina kazi. Masikio yao hayana. Kila kikundi cha namna hiyo kina kijana mmoja aliyemaliza sekondari, ambaye pengine anakaa bila kazi nyumbani. Kijana huyo aweza kuwa msomaji. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameona, labda kwa mara ya kwanza, kwamba elimu yake yawafaa watu wengine na si karatasi ya kuombea kazi tu.

Kusoma kwa sauti kuna ufundi wake. Ukurasa mmoja huchukua dakika mbili au tatu, basi sura ya kurasa kumi yatosha kwa kikao kimoja. Zaidi ya hapo watu husinzia. Msomaji na asome sura ile peke yake kwanza, ili ajue ni wapi pa kusimama na ni nani anayesema. Msikizaji hana alama za kunukuu machoni pake, kwa hiyo sauti ndiyo ya kumwonyesha kwamba sasa mama anasema na sasa mwana anajibu. Aepuke kuigiza kupita kiasi, maana watu watamtazama yeye wakaacha kusikiliza hadithi. Likitokea neno la Kiunguja au la bara lisilojulikana, asilirukie. Asimame, aulize, na mara nyingi atakuta mzee mmoja analijua, au analo neno la Kidigo lenye maana hiyo hiyo. Tena hapana haja mazungumzo yawe kwa Kiswahili sanifu. Kitabu na kiwe cha Kiswahili, na ubishi uwe kwa Kidigo, au Kiduruma, au Kikamba, kama watu wanavyoona wepesi.

Kwa watu wa mjini, walio na zamu za usiku na za mchana, yafaa kuchagua siku moja katika juma na kuishika. Wafanyakazi wa hoteli wanaokaa Ukunda hujua zamu zao mapema. Watu watano wenye nakala mbili waweza kusoma kwa zamu, na kukutana Jumapili jioni kwa saa moja.

MAONI NI NINI?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Watu husoma kitabu wakamaliza, kisha mmoja husema, "Kizuri," na mwingine husema, "Naam, chafundisha," na mazungumzo yamekwisha. "Kizuri" si maoni. Maoni ni neno ambalo mwenzako aweza kulikataa. Ukisema, "Mama yule alistahili lawama kuliko mumewe," umetoa maoni, maana mtu wa pili atainuka akatae, nawe utalazimika kukifungua kitabu umwonyeshe ni ukurasa gani uliokupa wazo hilo. Kule kurudi kwenye ukurasa ndiko kusoma hasa. Mtu aliyetafuta ushahidi kitabuni ili amshinde jirani yake amesoma kwa makini kuliko mwanafunzi anayeandika sifa tano.

Na tuchukue vitabu vichache tuone.

Katika nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari huenda kuna tamthilia iitwayo Bembea ya Maisha, ya Timothy Arege. Imo katika vile vitabu vilivyochukua nafasi ya Kigogo na Chozi la Heri mashuleni Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ni habari ya mama mgonjwa, Sara, na mumewe Yona, na binti zao walio mbali mjini. Neema, binti aliyeolewa, ataka kumwuguza mamaye nyumbani kwake. Mumewe Bunju ashika mila, kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Basi yafaa mzazi amwombe mtoto kitabu hicho, au afadhali amwombe amsomee. Mtoto atapata mazoezi ya mtihani, na mzazi atapata jambo la kusema. Katika makabila mengi ya Pwani na ya bara heshima ya mkwe ni jambo zito. Mzee mmoja huenda akasema, "Bunju hana kosa, ameshika adabu ya wazee." Na mkewe atamjibu, "Adabu gani hiyo, mume wangu, imfukuzayo mgonjwa? Na angekuwa ni mama yake mzazi, je?" Kisha mtoto wa Kidato cha Tatu, aliyedhani kwamba Bunju ni swali la alama kumi, ataona ya kuwa wazazi wake wanamzungumza kama jirani yao wa nyumba ya pili. Hatujui somo lililo bora kuliko hilo.

Kando yake yumkini iko riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi. Mwenye habari ni Mangwasha, karani katika ofisi ya chifu, katika nchi ambamo watu wa makabila mawili, Waketwa na Wakule, wamechochewa wachukiane kwa faida ya watawala. Mtaa unateketezwa na wenyeji wake kufukuzwa. Katika kaunti ambayo mambo ya ardhi na hati za kumiliki huzungumzwa katika kila mkutano, msikizaji hatahitaji mwongozo aelewe. Ila kwa maoni yetu kitabu hiki chataka msomaji mvumilivu. Majina ni mengi mwanzoni, na kwa kikundi kinachosikiliza tu, yafaa kuandika majina hayo juu ya karatasi na kuibandika ukutani.

Anayetaka hadithi ya kukimbia haraka na ajaribu Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999 na kutengenezwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi wa Unguja, aozwa mume aliyemzidi umri mno, naye amwacha. Hapo ndipo kikao hugawanyika, wala si kwa wanaume upande huu na wanawake upande ule, kama mtu angedhani. Wako akina mama watakaomlaumu, na wako akina baba wenye mabinti watakaokaa kimya.

PEPONI

Lakini ikiwa kikundi chaweza kupata kitabu kimoja tu nje ya vile vya shule, twapendekeza Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akaandika riwaya zake zote kwa Kiingereza. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo hadithi ya Pwani ilichukua miaka 28 kufika kwa watu wa Pwani katika lugha yao.

Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa reli, tena ana deni kwa tajiri mmoja wa pwani aitwaye Aziz, ambaye mtoto humwita kwa jina la heshima la kindugu. Siku moja Yusuf aambiwa kwamba atasafiri na tajiri huyo. Afika kwake pwani, awekwa dukani pamoja na kijana mwingine, Khalil, na kijana huyo ndiye amwambiaye kweli: huyu si ndugu yako, na wewe umewekwa rehani. Baadaye Yusuf achukuliwa katika msafara wa kwenda bara, wakati Wadachi walipokuwa wakianza kuitwaa nchi.

Kuwekwa rehani mtu si jambo lililobuniwa na mwandishi. Katika njaa kubwa za mwishoni mwa karne ya 19, wako watu wa Pwani na wa nyika ya nyuma yake waliowaweka watoto kwa matajiri ili wapate nafaka, wakitumaini kuwakomboa mvua ikinyesha. Wengine walikombolewa, na wengine hawakukombolewa. Kitabu hiki kikisomwa Kinango au Msambweni chaweza kufungua vinywa vya wazee wenye habari walizorithi kwa bibi zao. Hapo msomaji na aweke kitabu chini asikilize. Atarudi kwenye ukurasa kesho.

Maswali ya kubishania ni mengi kuliko jioni zenyewe. Je, baba yake Yusuf alikuwa ni mtu mbaya, au ni mtu aliyebanwa? Aziz ni mpole, hapigi kelele, ana manukato na adabu; je, upole wake wapunguza kosa lake au waongeza? Kuna mzee mtunza bustani ambaye alipewa uhuru wake akaukataa, akaendelea kumwagilia miti. Tumewasikia watu wakisema kwamba mzee yule alikuwa ni mjinga, na wengine kwamba ndiye mtu huru kuliko wote walioishi katika nyumba ile. Kuhusu jambo analolitenda Yusuf katika ukurasa wa mwisho hatutasema neno, maana tutakuwa tumewanyang'anya wasomaji haki yao. Twasema tu kwamba kikundi kitakachokubaliana wote juu ya ukurasa ule hakikusoma vizuri.

Lipo jambo moja la kukikosoa. Mahali pengine safari ya bara ni ndefu, tena inachosha, na msikizaji aliyechoka kwa kazi ya kutwa aweza kupotea njia pamoja na msafara. Si vibaya msomaji akazifupisha kurasa hizo kwa maneno yake mwenyewe.

KUVISOMA TENA VYA ZAMANI

Kitabu kipya si lazima kiwe kipya kiwandani. Watu wengi walio na miaka thelathini na zaidi walisoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, habari ya Kongowea, kijana wa Tanga, mwana wa mwimba taarabu, aliyekuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mwandishi huyo alifariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka 2020, na watu wengi waliomlilia walikuwa hawajakifungua kitabu chake tangu shule. Kifungueni tena. Ulipokuwa na miaka kumi na saba ulisafiri pamoja na kijana. Sasa una watoto, na utajikuta unamwuliza maswali yule baba.

VITABU VITAPATIKANA WAPI?

Twajua kwamba hili ndilo swali la kwanza kwa watu wengi, wala si kisingizio. Vitabu ni ghali, na sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliongeza asilimia 16 juu ya bei yake nchini Kenya. Mtu wa Vanga au Ndavaya akitaka riwaya isiyo ya shule hana budi kulipa nauli ya matatu, akaitafute Mombasa, mji ambao umekuwa na maktaba yake ya Seif bin Salim tangu mwaka 1903. Nauli ya kwenda na kurudi yaweza kukaribia bei ya kitabu.

Kwa hiyo kitabu na kinunuliwe kwa mchango. Watu kumi wakigawana bei, kila mmoja atatoa kiasi cha kikombe cha chai na mahamri mawili au matatu, na atumwe mmoja ambaye ana safari yake nyingine. Aangalie pia wauzao vitabu vilivyotumika kando ya njia mjini. Asiyejua achague nini aweza kuuliza vitabu vilivyopata Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya maandishi ya Kiswahili, nayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Katika hivyo mna Mungu Hakopeshwi, riwaya ya Zainab Alwi Baharoon wa Unguja iliyoshinda mwaka 2018, na Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali iliyoshinda mwaka uliotangulia. Kwa wapendao mashairi mna N'na Kwetu ya Mohammed Ghassany, ambayo kwa hakika yataka kusomwa kwa sauti.

Tena liko jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, maktaba zimetajwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba, mnapoitwa kwenye baraza la kutoa maoni juu ya bajeti, iwe ni Matuga au Lunga Lunga, mna haki ya kuuliza habari ya vitabu sawasawa na habari ya barabara na zahanati. Si lazima muombe jumba la ghorofa. Garissa, tangu mwaka 1996, vitabu vilipelekwa kwa wafugaji juu ya migongo ya ngamia, na hapana aliyesema kwamba hiyo si maktaba. Sanduku moja lenye kufuli, vitabu arobaini ndani yake, likikaa mwezi mmoja Shimoni, mwezi wa pili Lunga Lunga, na mwezi wa tatu Mwereni, ni wazo la mwaka 1948 ambalo gharama yake yaweza kubebwa hata na kikundi cha akina mama chenye akiba yao.

Mwenye kulitunza sanduku hilo awe na daftari. Kila anayeazima aandike jina lake, tarehe ya kuchukua, na tarehe ya kurudisha, kama ilivyo desturi. Lakini iongezwe nafasi ya nne, pana kidogo kuliko nyingine, na kila anayerudisha kitabu aandike humo mstari mmoja wa maoni yake. Asiandike "kizuri." Aandike neno ambalo anayefuata aweza kulikataa. Mtu akija kuazima kitabu akakuta imeandikwa kwamba Aziz hakuwa na kosa, au kwamba Yasmin alipaswa kuvumilia, atakichukua kitabu kile jioni hiyo hiyo.